Nina milioni moja na nusu, nataka kamera yangu ya kwanza ya mirolesi (isiyo na kioo ndani): mtaani Moshi na studio ya chumba kimoja

KijanaWaPasua
Wakuu, salaam.

Niko Moshi. Mwaka wa tatu huu napiga picha kwa simu, sherehe ndogo ndogo na picha za mtaani ambazo naishia kuzitupia mtandaoni. Mwezi uliopita mjomba kaniachia fremu yake pale Majengo, mita 3 kwa mita 4 na nusu, alikuwa anauzia vocha na soda. Kodi imelipwa mpaka Desemba. Nataka iwe studio: pasipoti, familia Jumapili wakitoka kanisani, kipaimara, mahafali ya chekechea. Alfajiri kabla sijafungua niendelee na mtaa wangu: soko la Mbuyuni wakishusha ndizi, stesheni ya reli, Double Road mlima ukiwa bado haujajifunika.

Bajeti ni milioni moja na nusu na hakuna nyingine imejificha.

Nimezunguka maduka na kupiga simu Dar. Mmoja ananisukumia Canon 2000D mpya kwenye boksi. Mwingine M50 iliyotumika. Mwingine Sony ZV-E10, hiyo peke yake inakomba hela yote. Kuna na Sony a6000 ya mtu, anataka laki tisa na nusu pamoja na lenzi yake. Moyo wangu uko kwenye mirolesi kwa sababu ni ndogo. Mbuyuni ukitoa likamera kubwa, nusu ya watu wanajipanga kama wako harusini na nusu wanakufukuza.

Nichukue ipi nisije nikajuta?

KitochiDaima
Naweka kiti hapa. Nina laki nne, ngoja wenye kamera waje.

MangiLenzi
a6000. Funga uzi.

KijanaWaPasua
Mkuu, nifunge kwa sababu gani sasa? Hiyo si ya 2014?

MangiLenzi
Haya, nakaa.

Ndiyo, ya 2014. Sensa yake (kile kioo cha ndani kinachonasa picha) ni megapikseli 24, na nyingi ya hizo mpya unazotajiwa ziko hapo hapo kwenye 24. Mteja wa pasipoti hatakuuliza kamera ilizaliwa lini. Ina kitundu cha kuchungulia, ZV-E10 haina. Jua la saa saba mchana pale stendi ya Moshi wewe unalijua, skrini inakuwa kama sahani, unapiga kwa kubahatisha.

Ubaya wake nao nausema. Skrini haiguswi. Haina tundu la maiki, kwa hiyo video za harusi sahau. Betri ni ndogo, kiwandani wanasema kama picha 360 kwa chaji, mimi nikisahau kuizima nazipata chini ya hapo. Ila inachaji kwa waya wa micro USB, umeme ukikatika power bank inakuvusha. Jicho la mtu inalifokasi, lakini mpaka ubonyeze kitufe ulichokipangia kazi hiyo. a6400 ya 2019 inaling'ang'ania jicho yenyewe, lakini kwa hela yako hiyo hutaifikia ukabaki na ya taa.

CanonNyumbani
Mangi anakupeleka Sony kwa sababu ana ya kuuza 😂

Chukua M50 mkuu. Skrini inageuka, inaguswa, menyu mtoto wa darasa la pili anaielewa, tundu la maiki lipo. Tafuta na lenzi ya 22mm f/2 (hiyo f ni tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ile nyembamba kama kifuniko cha sufuria. M50 na hiyo 22 unaingia nayo Mbuyuni mfukoni mwa koti.

Kitu kimoja nisikufiche: hizo M ni mwisho wa reli. Canon walipoleta kamera za R7 na R10 mwaka 2022, wakahamia kwenye mdomo wa lenzi wa RF, na M wakaziacha zife. Lenzi za M haziingii kwenye R hata kwa adapta. Lakini kama unanunua ili ufanye kazi miaka mitatu, kufa kwake kunakuhusu nini?

MangiLenzi
Sina ya kuuza. Ninayo ya kuazima, na huipati.

BiFlashi
Mwanangu wa Pasua, hongera kwa fremu. Mimi studio yangu iko Njiro, Arusha, mwaka wa kumi na moja huu. Hawa kaka zako wanakujibu kamera, na wewe umeuliza studio. Nikuanzie kwenye chumba.

Chukua futi kamba. Mtu mzima aliyesimama, ukimwachia hewa kidogo kichwani na miguuni, anataka picha ichukue urefu wa mita 2.2 hivi. Kwenye kamera yenye sensa ya saizi inayoitwa APS-C kama hiyo Sony, ukiisimamisha wima, lenzi ya milimita 50 inakutaka urudi nyuma mita 4.7. Chumba chako ni 4.5! Na mteja huwezi kumgandisha ukutani, lazima umtoe karibu mita moja ili kivuli kisimkalie mgongoni. Maana yake utampiga picha ukiwa umesimama barabarani, bodaboda zikipita nyuma yako. Lenzi ya 30 inataka mita 2.8. Ongeza ile mita moja, unabakiwa na sentimita 70 za kuweka mgongo wako. Hapo unafanya kazi.

Kwa hiyo ile 50mm f/1.8 ambayo kila mtu atakwambia ukimbilie kwa sababu ni rahisi, kwako itakuwa ya pasipoti na ya kichwa na mabega. Usianze nayo. Anza na lenzi hiyo hiyo inayokuja na kamera, 16-50. Watu wanaisema vibaya, lakini studio utapiga f/8, na kwenye f/8 mteja wako wa Majengo hataona tofauti yake na lenzi ya milioni.

La pili ni taa, na hapa ndipo nilipoteza hela yangu mwenyewe. Nilianza na taa mbili za LED, zile za duara za kurekodia video. Mtu mmoja aliyetulia, sawa. Siku ikaja familia ya watu saba, bibi kakaa katikati, mjukuu mapajani hatulii. Nikapandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), nikashusha shata (kasi ya pazia la kamera) mpaka 1/60 ya sekunde, picha ishirini na mbili, na katika zote mtoto ana mikono minne. Bibi wa watu kavumilia mpaka kasinzia. Niliwarudishia hela.

Flashi inawaka kwa muda mfupi mno, mtoto hana nafasi ya kutikisika. Nunua flashi ya Godox TT600 moja, triga yake (kifaa cha juu ya kamera kinachoiamrisha flashi iwake), stendi na mwavuli mweupe wa kupenyeza mwanga. Ukutani upande wa pili bandika ubao wa stairofomu, ule mweupe wa maboksi ya friji, urudishe mwanga kwenye shavu la kivulini. Taa moja inakutosha mwaka mzima.

Kwenye triga angalia herufi ya mwisho. S ni Sony, C ni Canon, F ni Fuji. Flashi yenyewe ikikaa kwenye stendi haijali kamera, lakini triga inajali. Ukikosea herufi utarudi dukani na nauli yako.

Hesabu yako naiona hivi. Kamera na lenzi, laki tisa na nusu. Flashi laki na themanini. Triga laki na ishirini. Stendi na mwavuli elfu tisini. Kadi, betri ya pili, na betri nne za kuchaji za flashi, elfu themanini. Unabaki na themanini nyingine, hiyo ni rangi ya ukuta na kitambaa. Bei zinacheza, lakini usikubali mwili wa kamera ule zaidi ya theluthi mbili.

KijanaWaPasua
Shikamoo Bi Flashi. Nimepima. Kweli ni 4.5, na mlango unafungukia ndani 😩

Sasa 2000D mpya kwenye boksi kwa nini hakuna anayeitaja? Muuzaji anasema ina warantii.

BiFlashi
Marahaba. Ule mlango utoe, weka pazia.

2000D itazame juu, pale kwenye kiatu cha kuchomekea flashi. Kamera nyingi zina pini ya duara katikati. Canon waliitoa kwenye 2000D, 4000D na 250D. Triga za kawaida zinategemea pini hiyo kupata amri ya kuwaka. Kijana mmoja alikuja kwangu kujifunza na 4000D yake mpya, tukachomeka triga yangu ya zamani, kimya. Tukabadili betri, kimya. Nusu saa nzima tunalaumu waya mpaka nilipovaa miwani.

Na wanaokutajia ZV-E10, waulize ni ipi. Ile ya kwanza ya 2021 inawasha flashi. Ile ya pili, ya 2024, haina shata ya mitambo na haiwashi flashi kabisa. Ni nzuri kwa wa video, kwako ni pambo.

CanonNyumbani
Pini ya M50 ipo, nimeenda kuangalia sasa hivi. Nimepata jasho kidogo.

Rangi_za_Rau
Fuji hamumtaji kwa makusudi? X-T20 ya 2017, rangi zinatoka kwenye kamera zimeiva, huhitaji kukaa na kompyuta usiku. Vile vitufe vya kuzungusha juu vinakufundisha shata na mwanga kuliko menyu.

MangiLenzi
Rangi nzuri, hakuna ubishi. Mtafutie X-T20 yenye lenzi kwa laki tisa hapa kaskazini, halafu utuite.

Rangi_za_Rau
Nilikuwa nachangia tu jamani.

MzeeNegativu
Nimesoma yote. Mimi nilianza enzi za filamu ya picha 36, unapiga leo unasubiri wiki, kwa hiyo mambo ya pini siyajui sana. Nizungumzie mtaa.

Kijana, Mbuyuni hawakufukuzi kwa sababu ya ukubwa wa kamera. Wanakufukuza kwa sababu umeanza na kamera kabla ya salamu. Nunua mkungu, au hata chane moja. Uliza zimetoka wapi, Kibosho au Machame, mwache akueleze kwa nini za kwao ndizo ndizi. Ukishamaliza kubeba chane lako, kamera inakuwa kitu kidogo. Akikataa, basi. Yule wa kesho yake hatakataa, kwa sababu alikuona ukikubali kukataliwa. Na picha iprinti umpelekee. Watu wamechoka kupigwa picha wasizoziona.

Kituo cha polisi na kambi ya jeshi, kamera ibaki kwenye begi. Hilo halina mjadala.

Sasa kwa kasi: weka lenzi kwenye 20, f/8. Fokasi kitu kilicho hatua tatu za mtu mzima mbele yako, kama mita 2.5, kisha hamia fokasi ya mkono na usiiguse tena. Kila kilicho kuanzia mita moja na robo mpaka Kibo huko nyuma kitatosha ukali. Huna haja ya kusubiri kamera ifikirie. Alfajiri kabla jua halijatoka hutaiweza f/8, hapo fungua lenzi na urudi kwenye fokasi ya yenyewe.

Nyuso zetu nazo. Mama kavaa kitenge cheupe, kasimama juani, kamera inaona weupe inaogopa, inashusha mwanga, uso unakuwa shimo. Pimia usoni. Kitenge kikiungua kidogo hakuna atakayelalamika, uso ukipotea atalalamika.

KitochiDaima
Mzee, hiyo ya hatua tatu inafanya kazi kwenye kitochi?

MzeeNegativu
Kwenye kitochi hata hatua thelathini, mwanangu. Fokasi yake haijawahi kutoka pale ilipowekwa kiwandani.

FundiSakina
Nafungua kamera na lenzi, Arusha. Kama unanunua iliyotumika usitoe hela kabla ya haya, na usikubali kuharakishwa eti kuna mteja mwingine njiani. Huyo mteja huwa hafiki.

Washa, zima, mara kumi. Hiyo 16-50 ya Sony inatoka na kurudi yenyewe kwa mota, na hiyo mota ndiyo inayonilisha mimi. Ikisita, ikikwaruza, ikitoka upande, achana nayo.

Toa lenzi, washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele. Vumbi dogo siyo ugonjwa. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, ni ukungu, mtu aliifungia kabatini masika nzima.

Weka f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, kuza picha. Madoa meusi yanayokaa mahali pale pale kila picha ni uchafu kwenye sensa. Mirolesi haina kioo cha kuakisi mbele ya sensa, ukitoa lenzi sensa iko nje kama mboni. Uchafu unasafishika, mkwaruzo hausafishiki. Na ukishanunua: lenzi badilisha kamera ikitazama chini, mgongo kwenye upepo, na usipulize kwa mdomo. Mate yako nimeyasafisha sana kwenye sensa za watu.

Piga picha moja, ihamishe kwenye kompyuta kama ilivyo. Sony hizi huandika idadi ya shata (mara ilizopiga picha) ndani ya faili, kuna tovuti zinaisoma bure. Namba peke yake isikutishe, kamera ya studio yenye shata elfu 40 inaweza kuwa salama kuliko ya elfu 8 iliyoanguka.

Halafu ingia kwenye menyu, tafuta lugha. FANYA HILI. Sony zilizouzwa ndani ya Japani zina Kijapani peke yake, huwezi kuongeza Kiingereza kihalali. Zinakuja nyingi tu.

KijanaWaPasua
Nashukuru mno wote. Yule wa laki tisa na nusu yuko Arusha. Jumamosi napanda kosta asubuhi.

KijanaWaPasua
Mrejesho, wakuu.

Jamaa tulikutana jirani na soko la Kilombero. Kamera safi, haina mkwaruzo, nikaanza kuona aibu kuikagua. Nikajikaza, nikafungua menyu: Kijapani chote. Ananiambia "utazoea, rangi za vitufe ni zile zile." FundiSakina, Mungu akuweke.

Nilikuwa tayari nimeshakata tamaa, nimekaa kwenye kifodi narudi stendi, ndipo nikakumbuka tangazo jingine nililoliruka kwa sababu picha zake zilikuwa mbaya. Dada mmoja Kijenge, alinunua asome, kazi ikambana. a6000, lenzi, betri mbili. Menyu Kiingereza. Nimewasha nimezima mara kumi mbele ya watoto wake, wakahesabu kwa sauti. Tochi nimepiga, f/16 nimepiga kwenye ukuta wa jirani, doa moja tu kwenye kona. Shata elfu 11 na kidogo. Alitaka laki tisa na sabini, tukamalizana laki tisa na ishirini, na mfuko wa kamera akanipa.

Flashi, triga ya S, mwavuli na stendi nimevipata Jumatatu. Mlango nimeutoa.

MangiLenzi
Nilisema funga uzi.

KijanaWaPasua
Jamani msaada wa haraka, nina mteja saa nane! Nimeweka ISO 100, f/8, 1/160 kama nilivyosoma. Skrini NYEUSI. Kitunduni nako giza. Nikipiga flashi inawaka na picha inatoka nzuri tu, lakini sioni ninampiga nani. Kamera imekufa?

BiFlashi
Haijafa, inakwambia ukweli. Inakuonyesha chumba kitakavyokuwa kwa mipangilio hiyo BILA flashi, na bila flashi ni giza. Ingia menyu, tafuta Live View Display, weka Setting Effect OFF. Itaanza kukuonyesha kama jicho la kawaida. Ukienda mtaani rudisha ON, la sivyo utashangaa mbona picha hazifanani na ulichokiona.

Na usipandishe shata juu ya 1/160 na flashi hiyo, utapata ukanda mweusi pembeni ya picha.

CanonNyumbani
Kwenye Canon inaitwa Exposure Simulation, kwa atakayesoma baadaye.

KijanaWaPasua
Imekubali!! Mteja kaja na mumewe na shangazi. Pasipoti tatu.

KijanaWaPasua
Wiki mbili baadaye. Mwili wa kamera na taa vimekula milioni moja na laki tatu na kitu, kilichobaki ndiyo rangi, na nimeipaka mwenyewe, inaonekana. Stairofomu nilipewa bure duka la friji. Familia kubwa niliyoweza ni watu watano, wa sita alibidi apakatwe.

Mbuyuni nimefanya kama Mzee alivyosema. Siku ya kwanza nimenunua chane, sikutoa kamera. Ya pili nimenunua chane, nikapiga picha nne za mama mmoja anayepanga ndizi mishare. Nyumbani wameanza kuuliza kama nimefungua studio au genge. Nimemprintia zote nne nikampelekea jana. Ile niliyoona bora, mwanga wa pembeni, mikono iko kwenye mkungu, kaiweka chini ya wenzake. Kachagua aliyofumba macho, eti hapo kafanana na marehemu mama yake. Kaifunga kwenye khanga.

MzeeNegativu
Hiyo iprinti nyingine kubwa, umpelekee kabla hajaiomba.

KitochiDaima
Wakuu mimi bado nipo. a6000 ya laki nne hakuna kabisa?

MangiLenzi
Ipo. Haina lenzi, haina betri, na menyu ni Kijapani.

KitochiDaima
Inapatikana wapi?